Paneli nzima, miguu imeoza

Nilipoanza kazi ya sola, ukaguzi kwangu ulikuwa kufuta vioo, kupima volti, kufunga daftari. Fremu sikuigusa. Mwaka wa saba wa sola moja niliyoifunga mwenyewe, niliona unga mweupe kama chokaa kwenye reli ya alumini, pale waya wa ethi ulipobanwa. Nikaukwangua kwa bisibisi. Bisibisi ikatokea upande wa pili.

Kosa lilikuwa langu: nilibana shaba tupu juu ya alumini. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, umeshatengeneza betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Upepo wa bahari ukileta chumvi, inaliwa mbio zaidi. Kumbe washa (kile kipete bapa cha bolti) ya chuma cha pua, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, ikiwekwa katikati, ili shaba isiguse alumini, ingeniepusha na aibu ile.

Utaniuliza, mbona tunafunga alumini kwa bolti za chuma cha pua na hazileti balaa? Ni suala la ukubwa. Bolti ni ndogo, reli ni kubwa, kwa hiyo madhara yanatawanyika. Geuza mambo, weka bolti ya zinki kwenye bamba pana la chuma cha pua, uone itakavyokwisha.

Miguu ya chuma nayo ina siri yake. Koti la zinki lina unene wa unywele hivi, na kazi yake ni kuliwa badala ya chuma. Mkwaruzo mdogo hauna shida, zinki ya jirani inaulinda. Lakini ukikata mguu kwa grainda au ukatoboa tundu jipya, paka rangi ya zinki papo hapo, kabla hujashuka ngazi. Nikikagua siku hizi naanza chini, mguu unapoingia kwenye zege, maana maji hutuama hapo na kutu huanza mahali ambapo hakuna anayeinama kutazama.

Jambo la mwisho ni bolti ngumu kupita kiasi. Niliwahi kukaza bolti za daraja la 12.9 (namba ya uimara iliyopigwa kichwani; ikipanda, bolti ni ngumu zaidi) zilizopakwa zinki kwa umeme. Asubuhi nikakuta kichwa kimoja kimelala chini, na hakuna aliyeigusa. Haidrojeni huingia ndani ya chuma wakati wa kuoshwa kwa asidi na kupakwa zinki, kisha chuma kikivutwa kinakatika kama kijiti kikavu. William Johnson aliliandika hili mwaka 1875: chuma kilicholowekwa kwenye asidi kilivunjika kirahisi, na alipolowesha pale kilipovunjika, vikatoka viputo. Wanaotaka kusafirisha haidrojeni kwa mabomba wanapambana na adui huyohuyo.

Kwa fremu ya paneli, bolti ya 8.8 inatosha kabisa. Sioni kwa nini ununue ugumu usiouhitaji.