Diski ya PS4 au ya PS5? Tazama Kwanza Utacheza na Nani

SWALI: Mshauri wa safu hii, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana mkazi wa Buruburu, na nina mashine ya gemu ya PlayStation 4 (PS4) ya gigabaiti 500 ambayo bado inafanya kazi vyema, pedi mbili za kuchezea na runinga ya inchi 32. Ninataka kununua gemu ya kandanda ya EA Sports FC 26. Katika duka moja la Moi Avenue nimeoneshwa diski ya PS4 na ya PS5, na muuzaji, baada ya kusikia kwamba ninaweka akiba ili nipate PS5 mwakani, amenishauri nichukue ya PS5 ili nisinunue mara mbili. Kaka yangu aliyeko Nakuru ana PS5 na angependa tuwe tunacheza pamoja kupitia intaneti. Binamu yangu naye yuko tayari kuniuzia mashine yake ya Nintendo Switch pamoja na FIFA 22 (FIFA ni jina la zamani la FC) kwa bei ya kutupa. Ninunue toleo gani?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Ndugu yangu wa Buruburu, ushauri wa muuzaji huyo unamfaa yeye kuliko unavyokufaa wewe. Diski ya PS5 haisomwi na PS4 kabisa, kwa hiyo ukiinunua leo itakaa kabatini hadi siku akiba yako itakapotimia, na gemu ya kandanda ni bidhaa inayochakaa upesi: kila mwaka, kwa kawaida Septemba, kampuni ya EA hutoa nyingine, ile ya mwaka uliotangulia hushuka bei, na wapinzani wake wa mtandaoni huanza kuhama. Kinyume chake, diski ya PS4 husomwa na PS5 bila shida, mradi PS5 yenyewe iwe na mahali pa kuingizia diski.

Sharti hilo la mwisho ulizingatie tangu sasa, kwa sababu ndilo linaloweza kukuponza mwakani. Tangu PS5 ilipotoka Novemba 2020, zimekuwa zikiuzwa za aina mbili, yenye kisoma-diski na isiyo nacho, na ile isiyo nacho huwa nafuu kidogo, jambo linalowavutia wengi. PS5 Pro ya mwaka 2024 huuzwa bila kisoma-diski kabisa. Hiyo na ile PS5 nyembamba iliyotoka mwaka 2023 zinaweza kuongezewa kisoma-diski kinachouzwa peke yake, lakini hiyo ni gharama nyingine. Mtu mwenye rafu nzima ya diski za PS4, na anayezoea kubadilishana diski na wenzake mtaani, akinunua mashine isiyo na kisoma-diski huwa amezitupa zote kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, mashine si jambo la kwanza la kufikiria katika gemu ya aina hii. Gemu ya hadithi huichezi na mtu. Kandanda huichezi bila mtu. Ndiyo maana ninamuuliza kila anayeniandikia kuhusu FC: utacheza na nani, naye anatumia nini? Tangu FIFA 23, EA imeruhusu watu wa mashine tofauti wakutane mtandaoni, lakini kwa vizazi. Wenye PS5 hukutana na wenye mashine za Microsoft za Xbox Series X na Xbox Series S, na wenye kompyuta. Wenye PS4 hukutana na wenye Xbox One. Kizazi kimoja hakikutani na kingine. Wewe ukiwa na toleo la PS4 na kaka yako akiwa na toleo la PS5, mtaalikana usiku kucha bila kuonana uwanjani.

Suluhisho lipo, na linamtegemea yeye zaidi ya wewe. Kinachoangaliwa ni toleo la gemu, si mashine inayoliendesha, kwa hiyo kaka yako akiweka toleo la PS4 katika PS5 yake, mtakutana. Ikiwa yake ni diski ya PS5, atahitaji kutafuta diski ya PS4, pengine iliyotumika. Ikiwa aliinunua katika duka la mtandaoni la PlayStation, na aangalie maktaba yake, kwa kuwa gemu nyingi huko huuzwa kwa pamoja, PS4 na PS5, na mnunuzi huwa na haki ya kupakua lolote kati ya matoleo hayo mawili. Mpigie simu kabla hujaenda mjini. Nyote wawili pia mtahitaji usajili wa kulipia wa PlayStation Plus, kwa sababu bila huo gemu za kununua hazichezwi mtandaoni kwenye PS4 wala PS5.

Kuna na suala la pedi, ambalo wauzaji hawalitaji hadi mteja arudi amekunja uso. Pedi za PS4 hufanya kazi kwenye PS5, lakini kwa gemu za PS4 pekee. Ukifungua gemu ya toleo la PS5, mashine hukataa kuzitumia na kudai pedi za PS5. Nyumba ambayo vijana wanne hukusanyika Jumamosi wakipokezana pedi kila bao linapofungwa haiwezi kulipuuza jambo hilo. Ukihamia PS5 na diski yako ya PS4, pedi zako mbili zitaendelea kukufaa kwa gemu hiyo, na zile mpya unaweza kuzinunua polepole.

Utapoteza nini? Utapoteza uhalisia kiasi. Mwaka 2021, FIFA 22 ilileta teknolojia ya HyperMotion, inayotumia miondoko iliyorekodiwa kwa wachezaji halisi, lakini ililetwa kwa mashine za kizazi kipya, na toleo la PS4 limeachwa nyuma katika hilo tangu wakati huo. Kwenye PS5 mabeki husogea kwa mpangilio unaoaminika zaidi na nyasi huonekana kama nyasi. Lakini kwa runinga ya inchi 32 isiyo ya 4K, yaani isiyo na picha za ubora wa juu sana, sehemu kubwa ya ubora huo wa picha hutaiona, na kasi ya mchezo kwenye PS4 ni ileile ya fremu (picha) 60 kwa sekunde, kwa hiyo pasi na mashuti hayatakwama.

Kuhusu Switch ya binamu yako, mshukuru na uiache, angalau kwa nia hii ya kandanda. FIFA za Switch kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23 ziliitwa Legacy Edition, na kilichobadilishwa kila mwaka kilikuwa hasa jezi na vikosi, huku uchezaji wenyewe ukibaki uleule. FC 24 ya mwaka 2023 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa Switch kutumia Frostbite, injini ya programu inayoendesha mchezo, iliyokuwa imetumika kwa miaka kwenye PS4. Tena mwenye Switch hakutani mtandaoni na wa PlayStation wala wa Xbox, kwa hiyo kaka yako angekuwa mbali nawe zaidi ya sasa.

Basi chukua diski ya PS4. Ningekupa jibu tofauti kabisa kama ungeniuliza kuhusu gemu kubwa za hadithi, kwa sababu huko mashine ya zamani humwaibisha mtu. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, toleo lake la PS4 lilikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, iliiondoa gemu hiyo katika duka lake la mtandaoni mwezi huohuo, ikairejesha Juni 2021. Nyongeza yake ya 2023, Phantom Liberty, haikuletwa kwa PS4 hata kidogo. Grand Theft Auto VI nayo imetangazwa kwa PS5, Xbox Series X na Xbox Series S pekee. Kwa gemu za namna hiyo, ni heri kusubiri hadi akiba itimie.

Ukifika dukani, soma utepe wa juu ya kasha kabla ya kutoa pesa: wa PS4 ni wa buluu wenye maandishi meupe, wa PS5 ni mweupe wenye maandishi meusi. Nimeona kibandiko cha bei kimebandikwa juu ya utepe huo kwa namna ambayo mnunuzi hawezi kujua anachukua nini; ukikikuta, omba kibanduliwe. Diski ikiwa iliyotumika, ifungue kasha, uielekeze kwenye taa uone mikwaruzo, kisha uombe iwekwe kwenye mashine hadi gemu ianze kunakiliwa humo. Ya kupakua nisingekushauri, isipokuwa kama nyumbani una intaneti ya faiba: gemu ya gigabaiti 50 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa 11, na kwa bando la simu gharama yake ni ya kutisha.

SWALI: Dada yangu anarudi kutoka Dubai na anataka kumletea mwanangu gemu ya PS5. Je, diski ya huko itasomwa hapa Nairobi?
Mama wa watoto watatu, Lang'ata

JIBU: Itasomwa, mama. Diski za PS5 hazifungiwi kwa nchi. Mwombe dada yako aangalie nyuma ya kasha kama lugha anayoielewa mtoto imo, na pia alama ya umri: 18 ni 18, hata kama mtoto ataapa kwamba darasa zima linaicheza. Penye tatizo ni kadi za pesa na nyongeza za kununua mtandaoni. Kenya haimo katika orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, kwa hiyo wengi hapa hufungua ya Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na kadi ya nchi moja haikubaliki katika akaunti ya nchi nyingine. Nyongeza za gemu nazo mara nyingi hudai akaunti ya eneo lilelile diski ilikotoka, na nchi ya akaunti ikishachaguliwa haibadiliki. Diski na aje nayo. Kadi za huko aziache.