Jibu: Mkanda mweusi juu ya Pemba kwenye Worldview

Waalaykum salaam mwalimu. Umesema wanafunzi wako wa Chake Chake wakifungua NASA Worldview, tovuti ya picha za setilaiti za kila siku, siku nyingine Pemba inakatwa na mkanda mweusi, na siku nyingine bahari inang'aa kama bati. Intaneti ya skuli haina kosa.

Kwanza tazama orodha ya tabaka, yaani picha zinazowekwa juu ya ramani: picha inatoka setilaiti gani? Ikiwa ni Terra au Aqua, basi ndiyo sababu. Chombo chao cha MODIS kinachukua upana wa kilomita 2,330 kila kikipita, na karibu na ikweta mapito ya siku moja hayagusani. Pemba ipo nyuzi 5 tu kusini, kwa hiyo kuna siku huangukia kwenye pengo. Lizime tabaka hilo, uongeze la VIIRS, chombo cha setilaiti ya NOAA-20. Upana wake unazidi kilomita 3,000, pengo linazibika.

Ule mng'aro ni mwanga wa jua unaoakisiwa na maji. Sogeza tarehe siku moja, utahama.

Mawingu ya masika hayana dawa, jaribu picha za Julai mpaka Septemba. Na tafadhali usiwaahidi watoto kuona ngalawa: nukta moja ya picha ni mita 250! Kwa matumbawe ya Misali nenda Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti za Ulaya, chagua setilaiti ya Sentinel-2, nukta zake ni mita 10.

Hukusema mnatumia simu au kompyuta. Kwenye simu orodha ya tabaka hujificha, mpaka uibonyeze.