Jibu: Kutembea Karura na watu 12

Dada, umeuliza kama watu 12, wakiwemo mama mwenye goti bovu na watoto wawili, wanaweza kushinda kutwa wakitembea Karura, ule msitu wa Nairobi. Mnaweza, ila msianze saa nne kama wengi. Saa mbili asubuhi muwe kwenye lango la Limuru Road.

Shikeni njia ya kando ya mto hadi maporomoko na mapango walimojificha Mau Mau, wapigania uhuru wa Kenya. Njia panda zina vibao vya namba. Kubalianeni mtakutana kwenye namba ipi, maana kikundi kikubwa hukatika vipande bila kujua. Mama atangulie, ninyi mfuate mwendo wake. Sisi tulimwacha shangazi nyuma, akapotelea njia ya baiskeli. Mpaka leo hajatusamehe.

Mvua ikinyesha, mteremko wa maporomokoni huteleza vibaya. Watoto wasichezee maji, mto umepita mitaani kwanza. Chakula kifungeni vizuri, tumbili wa huko hawabishi hodi. Mkipumzika, wasimulieni watoto jinsi mwanamazingira Wangari Maathai alivyopigwa hapo mwaka 1999 akipinga msitu kugawiwa.

Langoni mnalipa kwa simu, si pesa taslimu.