Kimea kimegoma kushuka, nimekaa nacho toka asubuhi mpaka jioni

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko Mtwara mjini, Shangani, napika bia nyumbani kwa ajili yangu na washkaji, siyo ya kuuza. Mara mbili za kwanza nilitumia kimea cha kopo, kile kizito kama asali, ikaenda poa. Jumamosi nikasema sasa nianze na punje zenyewe. Nilikuwa na kimea cha shayiri kilo 5 kilichokuja kwa basi toka Dar, nikachanganya na ngano kilo 1 na oti nusu kilo, nikapeleka mashineni wakanisagia, nikaloweka kwenye deli la lita 40 na maji lita 18, kipimajoto kikasoma 66, nikafunika saa nzima. Ndani ya deli chini nimeweka ile nyavu ya waya inayovikwa mipira ya kuunganishia sinki, imeshikana na koki. Kufungua koki zikatoka kama lita 2 kwa fujo, halafu kikawa kimkojo cha mtoto, halafu matone. Nilianza kuchuja yale maji matamu ya kimea saa 4 asubuhi, mpaka saa 10 jioni nina lita 6 tu. Nimekoroga, nimegandamiza kwa mwiko, nimeomba dua, wapi. Jirani akaniambia nikate chandarua nichujie. Nikachoka nikamwaga vyote. Nimekosea wapi, na je vilikuwa vinaokoleka?

SHANGAZI: Marahaba mwanangu, na pole. Vilikuwa vinaokoleka, tena bila shida kubwa, hapo ndo umeniuma zaidi maana kimea cha kuja kwa basi siyo cha kumwaga. Kwa kuwa huuzi sitakuhubiria habari za leseni, twende kwenye deli.

Kwanza toa kichwani kwamba ile nyavu ya waya ndo chujio. Siyo. Nyavu kazi yake ni kuzuia punje zisiingie kwenye koki basi, kinachochuja ni maganda ya shayiri yenyewe yakikaa vizuri yamelaliana na kuacha vinjia vya maji kupita. Ukikamua tui una kifumbu na una machicha, vitu viwili, ila kwenye bia machicha ndo kifumbu. Ukiyaharibu machicha umetoboa kifumbu, au kwa kesi yako umekiziba.

Na wewe uliyaharibu kabla hujawasha jiko, uliposema "nikapeleka mashineni". Mashine zetu nyingi za kusaga ni za nyundo, zile zenye chekeche ndani, zimetengenezwa kutoa dona na sembe. Hata umbembeleze jamaa aweke chekeche la matundu makubwa, nyundo zinalipiga ganda mpaka linakuwa vumbi. Kimea cha bia hakisagwi, kinapasuliwa. Chukua kiganja kimoja uangalie kwenye mwanga: unataka uone ganda zima au karibu zima limefunguka kama ganda la karanga, na kiini cha ndani kimevunjika vipande vitatu vinne, na unga kidogo tu wa kupaka vidole. Ukipuliza kiganja kikatimka vumbi jeupe, ujue siku yako imeisha.

Tafuta ile mashine ya mkono ya kusagia karanga, legeza mawe yake yaachane kama milimita 1 hivi, jaribu na punje chache kwanza, kaza au legeza mpaka upate mpasuko niliousema. Huna mashine, kinu kipo, ila twanga kwa mkono mwepesi na kidogo kidogo, usitwange kama unatwanga kisamvu. Na kuna kajanja kamoja mi nakapenda sana: kabla ya kupasua, nyunyizia kimea maji kidogo mno, kwa kilo 5 maji gramu 100 tu yanatosha, geuza geuza kwa mikono, acha dakika 10. Ganda linakuwa laini kama ngozi, halivunjiki, ndani bado pakavu panapasuka. Mara ya kwanza kufanya hivi nilidhani nimeharibu maana kimea kilikuwa hakilii tena mkononi, kumbe ndo chujio lilishuka kama bomba la mtaani siku maji yametoka.

Kosa la pili ni hizo lita 2 "za kwa fujo". Ukifungua koki yote mwanzoni, maji yanavuta machicha yote chini kwa nguvu, yanajibana kama saruji juu ya nyavu, na kuanzia hapo unavyozidi kufungua ndo unavyozidi kubana. Fungua robo tu. Maji ya kwanza yatatoka na uchafu uchafu, yakinge kwa jagi uyarudishe juu taratibu, mimina juu ya kijiko au kisahani yasichimbe shimo, fanya hivyo lita 3 au 4 mpaka uone yanatoka maangavu ya kueleweka, hayana unga. Baada ya hapo lita 1 kwa dakika 2 inatosha, ukiona inaenda vizuri ongeza mpaka lita 1 kwa dakika. Kazi yote dakika 45 mpaka saa nzima ni kawaida kabisa, hata saa moja na nusu sitashtuka. Saa 6 hapana.

Halafu ngano na oti. Ngano haina ganda la kusaidia kuchuja, na oti ina utelezi, we chemsha oti uone, ni mlenda mtupu. Kwenye mchanganyiko wako vitu hivyo viwili ni kama robo ya mzigo, siyo dhambi, ila vikikutana na shayiri iliyosagwa unga ndo unapata ulichopata. Dawa yake iko kwenye mashine za kukoboa mpunga, bure au bei ya soda: pumba. Lakini sikiliza vizuri, nataka pumba ngumu, yale maganda yenyewe yanayokwaruza mkononi, siyo pumba laini wanayopewa kuku, hiyo laini itaziba zaidi. Gramu 400 kwa mzigo wako wa kilo 6 na nusu. Osha maji matatu manne mpaka yawe safi, loweka kidogo yashibe maji, halafu changanya na kimea wakati wa kuloweka. Hayana ladha, hayana sukari, kazi yake ni kuweka nafasi tu.

Joto nalo. Deli lako lilikuwa wazi masaa sita, nina hakika mwisho ulikuwa unakamua kitu cha uvuguvugu, na maji ya kimea yakipoa yanakuwa mazito kama asali ya asubuhi. Saa nzima ya kuloweka ikiisha, kabla hujagusa koki, ongeza maji yanayochemka lita 7 au 8 huku unakoroga taratibu, joto litapanda toka 66 mpaka kwenye 75. Acha dakika 10 vitulie ndo uanze kuchuja. Kimea kitakunywa karibu lita 6 na nusu hakitazirudisha, kwahiyo ukimaliza tui la kwanza mimina tui la pili, lita 6 au 7 za maji ya nyuzi 76 hivi. Usivuke 78, maganda yataachia ukakasi, na wewe mtu wa Mtwara ukakasi wa bibo unaujua, sasa ufikirie huo ndani ya bia.

Ile nyavu yako iangalie pia. Nyingine ni laini, ikipata moto na uzito wa kilo 6 inalala bapa kama mkia wa kenge. Pitishia ndani waya wa chuma kisichoshika kutu uliozungushwa kama springi, itasimama.

Chandarua mwambie jirani asante ila hapana. Vyandarua vingi tunavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu na wewe unakwenda kuloweka kwenye maji ya moto halafu unywe. Ukitaka kitambaa nunua pazia la neti jipya, lifue, lichemshe.

Sasa siku kikigoma tena, maana kitagoma tu siku moja. Kwanza jua kilichoziba ni nini: puliza kidogo tu kupitia mpira wa koki. Mapovu yakija juu na maji yakaanza kutiririka na yakaendelea, ilikuwa punje imekaa kwenye koki. Yakitiririka nusu dakika yakakata, machicha ndo yamebana. Hapo funga koki, chukua ndoo yenye lita 3 za maji ya nyuzi 77, inyanyue juu ya deli, unganisha mpira wake kwenye koki, fungua maji yaingie kwa chini. Utaona machicha yote yananyanyuka taratibu kama mandazi kwenye mafuta. Koroga polepole, acha dakika 10, anza upya na robo ya koki. Ikishindikana kabisa chota vyote kwa jagi mimina kwenye mfuko wa pazia, ning'iniza, acha idondoke, bia itakuwa na ukungu kidogo lakini ni bia. Ila usilaze. Kwa joto letu hili maji ya kimea ambayo hayajachemshwa ukiyaacha usiku kucha asubuhi yananuka kama togwa iliyochacha, bora uchemshe hata hizo lita 6 ulizopata.

SWALI: Shangazi, niko Nachingwea, shayiri huku mpaka uagize. Siwezi kutumia kimea cha mtama peke yake kwenye deli kama la mwenzangu?

SHANGAZI: Unaweza ila siyo kwa njia ya mwenzio. Mtama hauna ganda la kukaa kama chujio, na wanga wake unahitaji moto mkali kuliko wa shayiri ndo ulainike, ukiuloweka kwa 66 mwingi unabaki mbichi. Fanya walivyofanya bibi zetu kwenye pombe: pika uji wa mtama uive, uache upoe mpaka kwenye 65, ndo utie unga wa kimea, kaa nao saa moja mbili, halafu kamua kwenye mfuko. Kama unaotesha kimea mwenyewe, kausha halafu pukutisha vimiche na vimizizi vyote uvitupe, vile vya mtama vina sumu, na kimea kilichoota ukungu tupa chote usichague chague.

SWALI: Machicha nampa nani?

SHANGAZI: Kuku, mbuzi, nguruwe kama unafuga, siku hiyohiyo kabla hayajachacha. Masalia ya hopsi, yale maua makavu ya kuipa bia uchungu, usiweke humo, hasa kama una mbwa, hopsi kwa mbwa ni sumu, fukia shambani.