Thimidini imeshuka lakini seli zinaongezeka: kuna nini?

Mkuu wa Tabora, umesema dondoo la magome kutoka Sikonge limeshusha thimidini (malighafi ya DNA) yenye tritiamu (hidrojeni ya mionzi) inayoingia kwenye DNA hadi robo kwenye seli za HeLa (seli za saratani za maabara), ila baada ya saa 48 idadi ya seli inakaribia ile ya zisizopewa dawa. Mimi naamini idadi. Usiandike bado kwamba dawa inazuia utengenezaji wa DNA.

Seli hujitengenezea thimidilati (thimidini yenye fosfati), na pia huokota thimidini ya nje. Wewe unapima ya kuokota tu. Hiyo lazima ivuke utando, kisha ibandikwe fosfati na kimeng'enya kiitwacho thimidini kinesi. Kikibanwa kimojawapo, namba zinaanguka huku DNA ikitengenezwa kama kawaida. Baadhi ya flavonoidi (kemikali za mimea) hubana huo mlango wa utando, na dondoo ghafi la magome lina mchanganyiko wa kila kitu.

Pima hivi: wape seli thimidini dakika 15, mwaga, osha mara tatu kwa PBS (maji ya chumvi) ya barafu, kisha weka TCA (asidi inayotuamisha DNA) baridi ya asilimia 10 kwa dakika 20. Maji ya juu usiyamwage (wengi wanayamwaga!), humo mna thimidini iliyoingia ikawa haijaungwa kwenye DNA. Yahesabu kando, na mashapo yenye DNA kando. Vikishuka vyote viwili kwa kiwango kimoja, tatizo ni mlango au kinesi. Maji yakibaki palepale na mashapo yakashuka, hapo una hoja.

Atakayekwambia uhamie BrdU au EdU (vifanani vya thimidini) hajakusaidia, maana nazo hutegemea kinesi ileile. Afadhali uzikaushe seli zibaki zilivyo kwa ethanoli ya asilimia 70, uweke RNase (ya kuondoa RNA) na propidiamu iodidi (rangi ya DNA), uone kwenye saitometa (mashine ya kupima seli mojamoja) kama awamu ya S, ya kunakili DNA, imebadilika kweli.

Angalia na midia, yaani maji ya kukuzia seli. Ham's F12 ina thimidini yake, miligramu 0.7 kwa lita, karibu mikromola 3, nayo inazimua ya kwako. DMEM na RPMI 1640 hazina.

Mikoplasma pia, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara: kimeng'enya chake, fosforilesi, huvunja thimidini kuwa thimini, ambayo seli zetu karibu hazina kazi nayo. Penisilini haiiui kwa sababu haina ukuta. Paka DAPI (rangi ya DNA inayong'aa), tafuta vidoadoa nje ya kiini, kisha thibitisha kwa PCR.

Halafu rangi. Mashapo ya kahawia humeza mwanga kwenye kihesabio cha sintilesheni, kinachohesabu mionzi kwa vimulimuli vya mwanga. Chukua vichupa vya seli zisizopewa dawa ulivyokwisha kuhesabu, dondoshea dondoo kidogo, uhesabu tena; namba zikishuka, ni rangi inayokudanganya.