Maswali ya Wasomaji: Voyager 2 yangu inapotea njia ikifika Neptuni

SWALI: Habari za kazi ndugu mjibu maswali. Nimeweka Celestia, ile programu ya kuonyesha anga, kwenye laptop, nikachukua data za chombo cha Voyager 2 kule Horizons, huduma ya NASA ya kutoa mahali vyombo na sayari vilipo, nukta moja kwa kila siku, nikatengeneza faili na chombo kinaonekana vizuri tu toka kinaondoka Duniani 1977. Shida ni Neptuni. Nimesoma kwamba kilipita juu ya ncha ya kaskazini, ila kwangu kinakata kona kinapita pengine kabisa, na mwezi wa Tritoni hakiukaribii. Halafu saa ya kwenye skrini na ya kwenye data zinapishana kama dakika moja. Mbovu ni data au programu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu, na hongera, kufika hapo ulipofika si kazi ndogo. Data zako nzima, programu nayo nzima, tatizo ni hiyo nukta moja kwa siku. Celestia haipigi hesabu ya mvuto hata kidogo, yenyewe inachukua nukta ulizoipa inaziunganisha, basi. Kule katikati, toka Urani Januari 1986 mpaka Neptuni Agosti 1989, njia imenyooka karibu kabisa kwa hiyo nukta moja kwa siku inatosha na kubaki. Ila tarehe 25 Agosti 1989 chombo kilipita Neptuni kwa kasi ya karibu kilometa 27 kwa sekunde na ile kona kubwa kiliikata ndani ya masaa machache, sasa wewe una nukta ya saa sita usiku na inayofuata ni ya saa sita usiku kesho yake, tukio lote limeangukia katikati, programu itajuaje? Inapita njia ya mkato.

Rudi Horizons uchague Vector Table (jedwali la mahali na kasi), chombo ni namba -32, ila safari hii kituo cha vipimo usiweke Jua, weka Neptuni yenyewe, 500@899, na vipimo viwe vya kilometa na sekunde. Omba nukta kila dakika moja kuanzia jioni ya tarehe 24 mpaka mchana wa tarehe 25. Mistari inazidi elfu moja kidogo, laptop yoyote inaibeba. Chukua na kasi pia usiishie kwenye mahali tu, kisha usevu faili la aina ya xyzv (mahali na kasi) badala ya xyz (mahali tu), maana Celestia ikipewa na kasi inajua chombo kinaelekea wapi kwenye kila nukta na mpindo unatoka laini. Futa maneno yote ya juu, futa tarehe za maandishi na mikato, zibaki namba zenye nafasi katikati: tarehe ya Julian (hesabu ya siku kwa namba moja), x y z, halafu kasi zake tatu. Wengi wanakwama kwenye mikato.

Kwenye faili la ssc, lile linaloielezea Celestia chombo chako, tumia Timeline yenye vipande vitatu, yaani kabla ya Neptuni, pale Neptuni na baada yake: cha kwanza Center (kituo cha vipimo) ni "Sol", yaani Jua, cha pili "Sol/Neptune", cha tatu "Sol" tena. Beginning, muda wa kuanza, unaiandika kwenye kipande cha kwanza tu, vingine kila kimoja kinaanzia pale mwenzake alipoishia.

Hiyo dakika inayopishana nayo si kosa. Horizons inatoa vector kwa saa ya TDB, ya wanaanga, na skrini inakuonyesha UTC, saa ya kawaida ya dunia, na mwaka 1989 saa hizo mbili zilipishana sekunde 56. Ni chache ukisikia hivi hivi, ila kwa kasi ile ni kilometa 1,500 hivi, na chombo chenyewe kilipita kilometa 4,950 tu juu ya mawingu, kwa hiyo usizichanganye.

Sasa ukimaliza bonyeza Enter, andika Neptune, Enter tena, halafu G ikupeleke huko. Peleka saa kwenye saa tisa usiku UTC tarehe 25, uongeze mwendo kwa L kidogo kidogo, ukizidisha rudisha kwa K. Utakiona kinapanda juu ya ncha ya kaskazini kabla ya saa kumi, kinainamishwa na mvuto kuelekea chini, na masaa matano hivi baadaye kinapita Tritoni kwa umbali wa kilometa kama 40,000. Hapo ndipo utaelewa kwa nini walithubutu kupita karibu namna ile: Tritoni ilikuwa upande wa kusini na hamna injini ndani ya chombo ingeweza kukipinda kiasi hicho, ni Neptuni tu. Na hamna mtu aliyekuwa ameshika usukani, mawimbi ya redio yalichukua zaidi ya masaa manne kufika Duniani, amri zote zilikuwa zimeshawekwa kwenye kompyuta yake mapema. Mimi kila nikiirudia naishia kuwavulia kofia wale watu.

SWALI: Nataka kutunga safari yangu mwenyewe kwenda Mars, na Celestia inaweza? Na mwenye simu tu afanyeje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kutunga haiwezi, inaonyesha tu ulichoiletea. Hesabu zenyewe zifanyie GMAT, programu ya NASA ya kupanga safari za anga, bure, ngumu wiki za mwanzo ila ndiyo kazi yenyewe hasa, au kama unataka kukaa kwenye usukani tafuta Orbiter, programu ya kuigiza urubani wa chombo cha anga. Usichague tarehe ya kuondoka kiholela maana nafasi nzuri ya Mars inakuja kila baada ya miezi 26 hivi, na safari ya mafuta kidogo inachukua karibu miezi tisa. Mwenye simu afungue Eyes on the Solar System ya NASA kwenye brauza, haina cha kuinstoo, aanze na chombo cha Cassini pale Zohali, aiache saa iende mpaka 15 Septemba 2017 chombo kinapoingia kwenye anga ya sayari.