Bonasi kwa wanaopokea simu huku wanajibu meseji, inasaidia?

Mkuu, umeuliza kama ukiweka bonasi vijana wako wa huduma kwa wateja watapokea simu na kujibu WhatsApp kwa mpigo bila kuchapia. Itasaidia kidogo tu, hela inamwamsha mtu, anaacha stori anakomaa, ila kichwa hakifanyi kazi mbili za kufikiria kwa pamoja, kinaruka huku na kule na kila kikiruka muda unaliwa. Watafiti Rubinstein na wenzake kule Marekani walilipima hilo 2001, kazi ikiwa ngumu ndo muda unapotea zaidi. Sasa hasara hiyo ya muda bonasi haiifuti. Halafu kuna hili mabosi wengi hawalioni, ukilipia idadi ya simu, meseji zitalala mpaka kesho maana mtu anafuata penye hela, hesabu anaijua. Na usiweke dau kubwa sana, mtafiti Ariely na wenzake walijaribu hilo vijijini India, walioahidiwa pesa nyingi kabisa ndo wakaboronga, presha. Mi ningewagawa, hawa simu wale meseji, baada ya masaa kadhaa wanabadilishana, bonasi ilipie shida za wateja zilizoisha mara moja bila mteja kurudi kulalamika.